Habari Inayokwenda kwa Miguu

Nimerudisha kepi, filimbi, na pingu ambazo ufunguo wake ulipotea kabla hata sijakabidhiwa. Viatu wameniachia, maana katika komisariati nzima hakuna mwenye mguu mdogo kama wangu. Kwa hiyo ninaandika haya nikiwa uani kwangu Kasenga, hapa Uvira, nimevaa viatu vya serikali, na ninawaandikia ninyi vijana mliobaki kazini. Siku ya kuniaga mlisimama mmoja baada ya mwingine mkasema Ma Riziki ametufundisha kuandika ripoti, kupanga ulinzi wa soko, kuzungumza na waendesha pikipiki bila kutukanana. Asanteni. Lakini hakuna aliyetaja ile ambayo mimi ninaiita kazi yenyewe, yaani kwenda nyumbani kwa mtu kumpasha habari kwamba mtu wake amekufa. Nilirudi hapa na zawadi zenu, nikakaa, nikalia. Kazi hiyo inatoweka mbele ya macho yenu, nanyi mnaona ni sawa tu kwa sababu simu zinafika haraka.

Basi nitaisimulia jinsi nilivyoikuta na jinsi ilivyoniacha. Vyeo sitavisimulia, anayetaka kujua nilivyopanda atazame mabega yangu kwenye picha za ukutani. Mshahara tuuache ulale, umechoka.

Kabla ya polisi nilikuwa msomaji wa matangazo kwenye redio ndogo ya parokia. Nilisoma mbuzi waliopotea, ndoa, mikutano ya wazazi, na vifo. Watu waliniambia nina sauti nzuri, na mimi sikuwabishia. Redio ilipofungwa kwa kukosa mafuta ya jenereta, polisi walikuwa wanatafuta wanawake wanaojua kuandika, nikaenda. Sare waliyonipa ilikuwa ya mwanamume mnene. Nilikunja suruali mara nyingi hata nikawa ninatembea kama mtu aliyevaa mitungi miguuni.

Komanda wetu aliitwa Papa Elisha. Alikuwa mrefu, mwembamba, mzaliwa wa Bijombo kule juu milimani, na alikuwa na desturi ya kunyamaza baada ya kuuliza swali mpaka mtu ajute kuwa na mdomo. Siku ile ya kwanza hakuniuliza jina.

"Mbele ya kuvaa hii nguo, ulikuwa unatumika kazi gani?"

"Nilikuwa nasoma matangazo ku redio, komanda."

"Hata ya bantu bamekufa?"

"Njo, hata ya bantu bamekufa."

"Ulikuwa unamusomea nani?"

"Kila muntu mwenye alikuwa nasikiliza."

"Hata mama ya yule mwenye alikufa?"

Alinyamaza, nami nikakaa na lile swali hadi jioni. Nilikuwa nimesoma majina mengi sana kwa sauti yangu nzuri, na sikuwahi kufikiri kwamba mahali fulani mwanamke alikuwa amesimama na sufuria mkononi, redio iko dirishani, anasikia jina la mwanawe likitoka kwangu kabla ya mtu yeyote kumshika mkono.

Papa Elisha aliamini kwamba hakuna polisi duniani. Alisema kuna walimu waliovaa sare, kuna wachinjaji waliovaa sare, kuna makarani waliovaa sare, na ukitaka kujua mkubwa wako atakufanyia nini, uliza alikuwa nani zamani. Nimetumikia wakubwa wengi, na hakukosea hata kwa mmoja. Aliyemfuata alikuwa mwalimu wa shule ya msingi; alitukagua kucha asubuhi. Mmoja aliyekuja baadaye alikuwa karani wa ghala, akawa anauliza wafungwa wamefika katika hali gani, kana kwamba ni shehena. Sajenti Bahati, ambaye nilifanya naye kazi miaka yote, alikuwa muuza mitumba sokoni. Huyo angeweza kukuuzia koti la sufu saa saba mchana, jua la Uvira likiwa kichwani, na ukaondoka ukimshukuru.

Papa Elisha mwenyewe alikuwa mchanja ng'ombe. Alitembea miaka mingi kwenye milima ya juu na sanduku la baridi begani, lenye dawa na sindano. Sanduku lile alikuja nalo polisi. Ndani yake tuliweka ushahidi wa kesi, na siku za joto tuliweka soda, na wakati mwingine vyote viwili pamoja.

Kule juu ndiko alikojifunza kazi ninayowaambia. Ng'ombe akifa huku mwenyewe hayupo, mchungaji hamwambii "ng'ombe wako amekufa." Anakaa. Anauliza habari za watoto. Kisha anasema yule mwenye baka jeupe hakunywa maji vizuri leo. Mwenye ng'ombe anauliza, amelala? Anajibiwa, amelala. Anauliza, kwa ubavu? Anajibiwa, kwa ubavu. Mpaka yeye mwenyewe, kwa miguu yake, afike pale ng'ombe alipo. Papa Elisha alisema kama ng'ombe anafanyiwa adabu hiyo, haoni kwa nini binadamu atupiwe kifo chake kama ndoo ya maji machafu.

Mara ya kwanza alinichukua ilikuwa kwa mke wa mwashi mmoja. Mwashi huyo alikuwa anachimba mchanga kando ya mto, ukingo ukamwangukia. Mkewe alikuwa anauza makaa huku huku Kasenga. Tuliliacha gari mbali, nyuma ya kanisa, kwa sababu gari la polisi likisimama mlangoni, lenyewe limeshasema. Tukaenda wawili, tukivua kepi kabla ya kona. Hatukuingia kwake. Tuliingia kwanza kwa jirani, Papa Elisha akamnong'oneza, na yule jirani akafunga kitenge kiunoni bila kuuliza neno. Akapita kwa mwingine. Mtu akaja kuwachukua watoto wadogo, eti wakamsaidie kuchambua maharage. Mtu akaondoa chungu cha mafuta motoni. Nilishangaa kuona jinsi nyumba inavyoweza kutayarishwa kuanguka bila mwenyewe kujua.

Kisha akaja mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye uso mtulivu, akakaa kwenye gunia la makaa karibu na yule mke, mabega yao yakigusana. Huyo alikuwa Mama Neema, mke wa Papa Elisha. Alikuwa binti wa bondeni, wa mashamba ya mchele ya Luberizi, na yeye na mumewe walitaniana bila kuchoka kuhusu nani kati yao alishuka na nani alipanda. Mumewe alipokuwa na habari ya kupeleka, alimwita. Hakuwa na sare wala cheo, lakini kazi ile ilikuwa nusu yake.

"Bwana yako anagonjwa kidogo," Papa Elisha akasema.

"Iko wapi?"

"Banakuja na ndugu yake. Atakuambia vizuri."

Yule mke alitutazama, akatazama kepi zetu mikononi, akatazama majirani waliokuwa wameongezeka. Niliona uso wake ukipanda ngazi moja, kisha nyingine. Shemeji yake alipofika na kusema lenyewe, alikuwa ameshafika karibu nalo, na mikono ya Mama Neema ilikuwa tayari imemzunguka. Alilia, bila shaka alilia, lakini hakuanguka peke yake chini.

Ninyi mtasema ni uongo. Bahati naye alisema hivyo, kisha akaupenda uongo wenyewe kupita kiasi. Siku moja alitumwa kwa familia ya dereva aliyekufa ajalini, akiwa na polisi mwingine mgeni. Alipofika, ule mdomo wa sokoni ukaamka. Alisema anaumwa, lakini si sana. Akataja hospitali. Akasema daktari ni mzuri, na kwamba mgonjwa ameomba chai. Familia ile ikasimama yote kama askari. Walipakia godoro juu ya pikipiki, na beseni, na chupa ya chai, na kuku mzima mwenye miguu imefungwa, wakaenda hospitali wakawa wanapita kitanda kwa kitanda wakiuliza dereva wao yuko wapi. Tuliwakuta kwenye ukumbi wa wagonjwa, baba mzee amelishika godoro kwa mikono miwili, hajui aliweke wapi. Kuna watu waliowahi kucheka nilipowasimulia kisa hiki. Hata Bahati alijaribu kucheka mara moja, akaacha katikati.

Papa Elisha hakumfokea. Alimwambia tu kwamba neno "anaumwa" ni mlango wa kupitia, na yeye alikuwa ameweka kitanda mlangoni. Toka siku hiyo tulikuwa na amri moja kubwa: usitaje hospitali. Sema anaumwa, sema kidogo, kisha nyamaza, uache uso wako useme yaliyobaki. Mwenye kusikiliza atasikia kwa kasi anayoiweza mwenyewe.

Kwa sababu nilitoka redioni, baadaye nilipewa kazi ya kuandika matangazo ya usalama, yale tuliyoyaita komunike. Mnayajua, mmeyasikia mpaka mmechoka: mtoto asiogelee mahali fulani ziwani kwa sababu ya mamba, mto ukijaa usivuke na mzigo kichwani, boti likijaa subiri lingine. Mwanzoni niliandika kama wakubwa wote wanavyoandika, ni marufuku hiki, ni marufuku kile. Papa Elisha alisoma karatasi akanirudishia.

"Marufuku iko mingi mu hii inchi, Ma Riziki. Bantu hawasikie tena. Andika kitu banajua."

Kwa hiyo nilipoandika juu ya barabara ya Luberizi, niliandika juu ya ile kona iliyo baada ya daraja, ambayo watu wanaiita Kona ya Magunia kwa sababu malori ya mchele hupinda pale vibaya na magunia huanguka. Niliandika: ndugu yangu wa pikipiki, ukiona lori la mchele mbele yako kwenye Kona ya Magunia, simama, shuka, kunywa maji, liache lipite, mkeo amekuwekea chakula na hakitapoa kwa muda wa kunywa maji. Papa Elisha alilipenda tangazo lile. Alikuwa akinitania kwamba ndiyo mara ya kwanza polisi kumwamuru mtu anywe maji. Redio zililisoma asubuhi nyingi, na ajali zilipungua kidogo, au mimi nilipenda kuamini zimepungua.

Halafu zikaja simu zenye picha. Sina ugomvi na simu. Mwanangu huniita kwa simu na ninafurahi. Lakini tulianza kufika kwenye nyumba na kukuta kilio kimeshaanza, mwanamke yuko chini peke yake, simu iko mavumbini bado inawaka, na ndani yake mume wake amelala barabarani mdomo wazi. Aliyepiga picha hakuwa mtu mbaya. Alifikiri anasaidia. Tukawa tunasimama mlangoni na kepi zetu mkononi, watu wazima wenye adabu nyingi na hakuna mahali pa kuiweka.

Bahati alisema tuache, dunia imebadilika. Papa Elisha alisema dunia inaweza kubadilika, sisi tutembee. Akaanza kuondoka haraka zaidi ofisini, akipiga hatua ndefu za mtu wa milimani, na mimi nyuma yake kwa viatu hivi hivi.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa ninazungukazunguka tangu asubuhi.

Kulikuwa na kesi ya ng'ombe walioingia kwenye mchele karibu na Luberizi. Kesi za namna hiyo mnazijua. Zinaanza na majani na zinaweza kuishia pabaya, kwa sababu mwenye ng'ombe anatoka juu na mwenye shamba ni wa bondeni, na kila mmoja ana ndugu. Wakubwa wengine wangetuma askari. Papa Elisha alikwenda mwenyewe bila sare, na sanduku lake la baridi, ili wamwone kwanza kama mtu wa ng'ombe, kisha kama mkwe wa watu wa mchele. Gari halikuwa na mafuta. Alipanda pikipiki ya kukodi. Asubuhi ile ile redio ilisoma tangazo langu, na nilikuwa ofisini ninalisikiliza huku nikipaka rangi viatu.

Mchana simu ya ofisi ililia. Lilikuwa lori la mchele, kwenye Kona ya Magunia, na lilimlalia. Mwendesha pikipiki aliruka akavunjika mkono. Papa Elisha hakuruka. Polisi aliyepiga simu alikuwa analia, na nyuma yake nilisikia watu wengi, na nilijua hao watu wengi wana nini mikononi.

Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: Mama Neema asikipate kifo hicho kwenye simu. Ningefanya nini kingine? Kilio changu nilikifunga, nikakiweka mahali. Bahati alikuja na pikipiki. Nilimwambia aende mpaka mlangoni, kwa kasi yote. Akaendesha mpaka nyuma ya kanisa, akazima.

"Bahati, endelea!"

"Apana, Ma Riziki. Papa Elisha hajafikaka na pikipiki ku mulango ya muntu."

"Foto itatutangulia!"

"Tutaenda kwa miguu. Na usikimbie. Polisi akikimbia, mutaa yote inajua."

Yeye, muuza makoti, ndiye aliyenikumbusha. Tulitembea. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile, na ni mahali ninapopita kila siku kwenda kununua dagaa. Tulivua kepi kabla ya kona. Tukaingia kwa jirani. Nilipofungua mdomo sauti haikutoka, ile sauti yangu ya redio. Jirani akanitazama usoni, akafunga kitenge kiunoni.

Mama Neema alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anapepeta mchele. Simu yake ilikuwa juu ya kiti pembeni, imelala kifudifudi. Ililia tulipokuwa tunaingia, na hakuipokea. Nikasema moyoni, asante Mungu, hajaigusa.

Aliinua macho. Alitutazama miguu kwanza, mavumbi ya kutembea, halafu kepi.

"Karibuni. Leo muko wawili."

"Tuko wawili, mama."

"Mukae."

Tukakaa. Aliendelea kupepeta. Jirani alikuja akakaa karibu naye, bega kwa bega, na yeye akasogea kidogo kumpa nafasi. Kila kitu alichokuwa akiwafanyia wengine kilikuwa kinafanyika kwake, na mimi ndiye niliyekuwa ninakifanya, na aliyenifundisha alikuwa barabarani chini ya mchele.

"Papa Elisha anagonjwa kidogo, mama," nikasema.

Ungo ulisimama. Kisha ukaendelea.

"Anagonjwa nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huuliza yuko wapi, huuliza tangu lini. Bahati akaingia haraka kabla sijamzuia.

"Homa, mama. Homa tu."

Nilimkanyaga mguu.

"Alikula?" Mama Neema akauliza.

"Apana, mama."

"Homa, na hajakula." Aliweka ungo chini, akajikung'uta makapi kwenye kitenge. "Basi nimupikie uji."

Akasimama, akachochea moto. Mimi na Bahati tulitazamana. Niliona godoro lile mikononi mwa yule mzee, na nikajua Bahati naye analiona. Nilitaka kusema, mama, acha. Lakini amri ilikuwa kunyamaza na kuacha mtu asikie kwa kasi yake, na sikuwa na ruhusa ya kuivunja amri ya komanda siku ile kuliko siku nyingine.

Aliweka maji. Akakoroga unga wa mahindi na soya kwenye bakuli. Akaniambia, "Ma Riziki, ingia mu nyumba, unitandikie kitanda. Ile blanketi ya bluu, njo anapenda." Niliingia. Nilitandika kitanda cha mtu niliyejua hatakilalia, nikapiga mto, nikakunja blanketi kwa kona kama hospitalini. Nilifanya vizuri. Nilifanya vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya na sare hii. Kisha nikauma kitambaa changu ili wasinisikie.

Nilipotoka wanawake walikuwa wanaingia mmoja mmoja. Kila aliyeingia alijua. Niliona vitenge viunoni. Na kila mmoja alimkuta Mama Neema anakoroga.

"Anaendelea aje?" walimuuliza.

"Bado ana homa," aliwajibu. "Atakunywa uji."

Hakuna hata mmoja aliyecheka, wala kulia, wala kutikisa kichwa. Mmoja alileta sukari. Mwingine alisema kwa homa ni vizuri kutia ndimu. Walizungumza juu ya homa ya Papa Elisha uani pale, kwa sauti za chini, mpaka uwanja ukajaa na hapakuwa na nafasi ya mtu kuanguka hata angetaka.

Mdogo wake Papa Elisha, ambaye ni mchungaji wa kanisa, aliingia wakati uji unatolewa motoni. Mama Neema alimimina kwenye kikombe, akakifunika kwa kisahani, akakishika kwa mikono miwili.

"Shemeji," mchungaji akasema, "weka kikombe chini."

Alikiweka polepole, bila kumwaga.

"Sasa unaweza kusema," akamwambia.

Akasema. Na hapo Mama Neema akapiga kilio ambacho nimekisikia kwa wanawake wengi, na bado sijakizoea, na mikono yote ile ikampokea. Mimi niliangukia upande wangu. Bahati alinishika. Alikuwa na machozi mpaka kwenye ndevu.

Matanga yalikuwa makubwa. Walishuka watu wa juu na walipanda watu wa bondeni. Yule mwenye ng'ombe na yule mwenye shamba la mchele walikuja wote wawili, na kwa kuwa madawati yalikuwa machache ilibidi wakae kwenye moja. Kesi yao sikuisikia tena ofisini. Sijui kama waliimaliza au waliona haya.

Wakati watu walikuwa wameshatawanyika na ua umebaki mtupu, nilikwenda kumwona Mama Neema. Alinipa chai. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya mchele, juu ya sanduku la baridi ambalo lilipatikana mtaroni likiwa zima. Kisha akachukua simu yake, akaishika bila kuifungua.

"Ma Riziki, ile siku mulikuja, foto ilikuwa imeisha kufika."

Niliweka kikombe chini. "Imeisha kufika? Mbele yetu?"

"Mbele yenu. Nilimuona. Iko mu barabara, na magunia juu yake. Nilijua hata shati, minye njo nililifua."

Nilimwona tena pale kwenye kigoda, na ungo, na simu iliyolala kifudifudi. Alikuwa peke yake na ile picha, wakati sisi tunavua kepi kwenye kona.

"Sasa juu ya nini ulituacha tuseme anagonjwa?"

"Kwa sababu nilitaka agonjwe."

Aliilaza simu kifudifudi pajani. Halafu akasema, "Foto ilinipatia maiti. Nyinye mulinipatia mugonjwa. Muntu mwenye anafia mu barabara, bibi yake hawezi kumuuguza hata kidogo. Minye nilimuuguza. Nilimupikia, ukamutandikia kitanda, bantu bakaniuliza anaendelea aje. Mpaka uji ukaiva, Elisha alikuwa nagonjwa. Alikuwa nagonjwa tu."

Alilia, nikalia naye. Miaka yote ile nilidhani tunakwenda kwa miguu ili kupunguza uzito wa habari. Sikujua kwamba tulikuwa tunawapelekea wafiwa wagonjwa wao, ili wapate kuwauguza kwanza. Nina hakika Papa Elisha alijua, lakini alikuwa mtu wa kuuliza maswali kuliko kuyajibu.

Mama Neema sasa yuko Luberizi kwa ndugu zake. Bahati alikufa mwaka jana, kwa maradhi ya kweli, na nilimuuguza zamu kwa zamu na mkewe. Siku za mwisho alijaribu kuniuzia blanketi lake. Nimebaki mimi ninayeijua njia ile ya nyuma ya kanisa, na ndiyo maana nimewaandikia.

Na nina sababu nyingine, sitaificha. Riziki, mwanangu wa pekee, anaendesha lori la mchele. Anapita Kona ya Magunia kwenda Bukavu na kurudi, wiki kwa wiki, na tangazo la mama yake halimfanyi apunguze mwendo. Barabara zenyewe mnazijua siku hizi. Nikikaa hapa uani simu yangu ninailaza kifudifudi.

Basi siku ikifika, Mungu aiweke mbali, msinitumie kitu. Acheni gari nyuma ya kanisa. Vueni kepi kabla ya kona, mpitie kwa jirani, mje wawili. Mniambie Riziki anaumwa kidogo, na msitaje hospitali. Unga wa uji uko kwenye kopo jekundu juu ya kabati. Sukari iko pembeni yake. Yeye anapenda nyingi.